Jiko nusu mbao, nusu zege: je, bodi za kuzuia baridi zitasawazisha sakafu kabla ya vigae?

MtangaUgenini aliuliza:

Ndugu zangu mafundi, salaam. Ninaishi Leicester, Uingereza, katika nyumba iliyojengwa miaka ya 1930, na jiko lake lina sakafu ya aina mbili. Sehemu ya mbele, mita 3.4 kwa 2, ni mbao zilizopigiliwa juu ya boriti, na sehemu ya nyuma, mita 3.4 kwa 1.3, ambayo zamani ilikuwa stoo, ni zege. Baada ya kung'oa zulia la plastiki na kulaza rula ndefu yenye pima maji, nimeona kwamba upande wa mbao umeshuka milimita 16 kuelekea kwenye sinki, na zege nalo lina tuta katikati. Nimekwisha kununua bodi za kuzuia baridi, zile za povu gumu la polistirini lililopakwa sementi na wavu wa fibaglasi pande zote mbili, zenye unene wa milimita 10, kwa kuwa ninakusudia kuweka nyaya za kupasha sakafu joto chini ya vigae. Muuzaji aliniambia kwamba nikizilaza juu ya gundi nene palipo na bonde, sakafu itakuwa sawa. Je, ni kweli? Mimi nilikulia Tanga kwenye sakafu ya sementi, na vigae juu ya mbao vinanitia wasiwasi.

FundiMwiko alijibu:

Ndugu mleta mada, aliyekuambia hivyo alijua kuuza kuliko kushauri. Bodi hiyo hufuata umbo la kitu kilicho chini yake, kama mkeka unavyofuata kitanda cha kamba kilicholegea. Gundi ya kawaida ya vigae nayo imetengenezwa kwa tabaka jembamba. Ukiirundika milimita 16 upande mmoja na 3 upande wa pili, itanywea kwa viwango tofauti inapokauka, na kigae kitakuja kulipa deni hilo. Kipimo kinachofuatwa huko ni kwamba chini ya rula iliyonyooka ya mita 2 lisionekane pengo linalozidi milimita 3, na usawa huo upatikane kabla ya bodi.

Lakini kabla ya kufikiria usawa, jiulize kwa nini mbao zimeshuka. Sakafu iliyopinda zamani ikatulia ni jambo moja, na sakafu inayoendelea kushuka ni jambo jingine kabisa. Kushuka karibu na sinki hunifanya nishuku maji. Ng'oa mbao mbili tatu mahali hapo, uchome ncha za boriti kwa bisibisi. Ikizama bila kutumia nguvu, boriti imeoza. Kisha toka nje utazame matundu ya hewa yaliyo chini ya ukuta, kwa maana nyumba za umri huo hupumua chini ya sakafu, na mara nyingi wenyewe wameyaziba kwa udongo wa bustani bila kujua. Tahadhari moja: ukikuta vigae vya zamani vya plastiki vilivyobandikwa kwa gundi nyeusi, usivikwangue kabla havijapimwa, kwa sababu huenda vina asbesto (madini ya nyuzi zinazodhuru mapafu), ambayo Uingereza iliipiga marufuku kabisa mwaka 1999.

BintiMvita alijibu:

Nakubaliana na FundiMwiko kuhusu uozo, ila boriti zikiwa nzima sioni haja ya kubomoa sakafu yote. Kuna sementi ya kusawazishia yenye nyuzi ndani yake, iliyotengenezwa kwa sakafu za mbao. Unapaka praima (dawa ya msingi ya kushikisha), unaimwaga, inatafuta usawa wake yenyewe, na kesho yake unaendelea na kazi.

FundiMwiko alijibu:

Dada BintiMvita, sementi hiyo naiheshimu, na kwenye lile tuta la zege ndiyo dawa. Hata hivyo, tufanye hesabu. Kila milimita moja ya unene huongeza takriban kilo 1.7 kwa mita moja ya mraba. Mbao zake ni mita za mraba 6.8, na tukichukua wastani wa milimita 8, tunapata zaidi ya kilo 90, na sehemu kubwa ya mzigo huo inakwenda kukaa pale pale ambapo boriti zimeshuka. Kwa bonde la milimita 4 au 5 ningemwaga bila kusita. Kwa 16, nisingethubutu.

MtangaUgenini aliandika:

Nawashukuru nyote. Nimefungua. Boriti mbili zimeoza ncha kwa kiasi cha kiganja kimoja, bomba la sinki lilikuwa likivuja polepole, na tundu moja la hewa limezibwa na sementi ya uani. Boriti nyingine ni ngumu, ingawa zimepinda. Nianzie wapi?

FundiMwiko alijibu:

Anza na bomba na tundu la hewa, halafu kata sehemu zilizooza na uache mbao zikauke. Ubavuni mwa kila boriti funga kwa bolti boriti pacha iliyonyooka, juu yake ikiwa kwenye usawa unaoutaka. Hapo umesawazisha sakafu na kuiimarisha kwa kazi moja. Jaza sufu ya kuzuia baridi katikati ya boriti, kisha funika kwa plaiwudi ya milimita 18, si chipubodi (ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa), ambayo hufura ikiguswa na maji. Kabla ya kuingiza skrubu yoyote, weka alama mahali mabomba na nyaya zinapopita, maana hukaa karibu sana na uso wa mbao.

Bodi zilazwe juu ya gundi inayonyumbulika, iliyotandazwa kwa mwiko wa meno eneo lote bila kuacha matonge, maana penye uwazi chini ya povu ndipo kigae kitakapopasukia. Viungo vyake vipishane kama matofali na visilingane na viungo vya plaiwudi. Kwenye mbao ongeza skrubu zenye washa (kisahani chini ya kichwa cha skrubu) kila baada ya milimita 300 hivi. Kwenye zege gundi inatosha, baada ya kusaga tuta, kupaka praima na kumwaga sementi ya kusawazishia. Viungo vyote vibandikwe utepe wa wavu. Usitembee ovyo juu ya bodi tupu, kwani kisigino hubonyeza povu; tandika ubao.

Mahali mbao zinapokutana na zege ndipo penye kesi kubwa. Pande hizo mbili hazitatembea pamoja hata siku moja, kwa hiyo bodi na vigae vyote vikomee kwenye mstari huo, na ufa wake ujazwe silikoni badala ya grauti (sementi ya kujazia kati ya vigae). Panga vigae ukianzia hapo, ili mstari uonekane kama kiungo cha kawaida. Nyaya za joto nazo zisiuvuke.

MtangaUgenini aliandika:

Basi mkeka mmoja wa nyaya nilioununua wa kufunika jiko zima hautafaa?

FundiMwiko alijibu:

Hautafaa, na usijaribu kuukata waya wake. Urudishe ukiwa bado kwenye boksi, uchukue miwili midogo, na fundi umeme aliyesajiliwa ataiunganisha kwenye swichi moja ya joto, mradi jumla ya umeme wake haizidi uwezo wa swichi hiyo. Pia pima kimo chini ya meza ya jiko kabla hujabandika kigae cha kwanza: bodi, gundi na kigae vitapandisha sakafu kwa takriban milimita 26, na mashine ya kuoshea vyombo ikishanaswa humo ndani, haitoki bila kuvunja kitu.