ESC ya ndege ya waya: Castle yenye gavana au ya bei poa?

Kipanga77: Wadau nipo njia panda. Natafuta ESC (kidude cha kudhibiti kasi ya mota ya umeme) ya ndege yangu ya mfano, ile inayozunguka imefungwa waya mkononi. Nichukue Castle yenye gavana (inashikilia kasi ya mota isibadilike), au ya bei poa isiyo na gavana, throto (nguvu inayopewa mota) inakaa palepale mwanzo mwisho? Hapa Houston kila mtu na lake. Naagiza Jumamosi.

fundi_umeme: Mkuu unauliza bei ya shati hujasema saizi. Betri seli ngapi? Propela? Mota kv (mizunguko kwa kila volti) ngapi?

Mzee wa Nitro: Mnajitesa. Injini ya mafuta unageuza sindano ya kabureta unasikiliza mlio, basi.

mama_loopu: Shikamoo mzee. Mie za bei poa nimekoma. Ilikuja imeshawekewa kukata moto wa mota betri ikishuka, mie sina habari, dakika ya 4 hivi ndege iko juu ya utosi moto ukakata na breki ikashika propela palepale, waya futi 60 zikalegea kama tambi, navuta hendeli hamna kitu, nikakimbia kinyumenyume kutafuta mkazo nikakaa chini puu, ndege nayo ikaja pua chini. Bawa la balsa la miezi mitatu! Yoyote utakayonunua, zima kwanza hiyo kitu.

Kipanga77: Pole sana dada. Yangu seli 5, propela inchi 12 kwa 6. Kv sijui, lebo imebanduka.

fundi_umeme: Loh. Basi ukichukua gavana hesabu sumaku za mota, nyingi zina 14, ukiingiza namba siyo kwenye ESC, RPM (mizunguko kwa dakika) inayosoma ni uongo mtupu. Na uache akiba: seli 5 zikijaa ni volti 21, mwishoni zimeshuka kwenye 18 na kitu, gavana ikishafika throto 100% haina pa kupanda tena. Geini (ukali wa gavana kurekebisha kasi) nayo usizidishe, mota itakuwa inahema, inapanda inashuka.

tiara_moja: Mbona hamtaji ESC ya Jeti Spin?? Yangu kwenye upepo haishtuki kabisa, hiyo Castle mnaisifia tu.

fundi_umeme: JetiBox ya kuisetia ataipata wapi kabla ya Jumamosi?

tiara_moja: Kwani lazima Jumamosi?

Mzee wa Nitro: Futi 60 ni za watoto. Mimi nilikuwa 65.

mama_loopu: Mzunguko sekunde ngapi mzee? Mie 5.3.

Mzee wa Nitro: 5.1. Nilikuwa kijana lakini.

tiara_moja: 5.1 kwa futi 65 ulikuwa unarusha ndege au unavutwa na punda 😂

Kipanga77: Jamani nimefungua mota. Sumaku 13.

fundi_umeme: Hesabu tena, sumaku huenda kwa jozi.