Naomba ushauri: matembezi ya historia kando ya Nairobi River

Wasalaam wanachama, poleni na kazi. Mimi na vijana wenzangu wa Majengo, mtaa wa Pumwani, tunataka kuanzisha matembezi ya historia, tuanzie Kariokor, pale palipobeba jina la wapagazi wa Vita ya Kwanza, tufuate mto hadi uwanja wa Kamukunji, ule wa Saba Saba ya 1990, watu walipodai vyama vingi, halafu tumalizie mtaani kwa wazee wanaojua Pumwani ya zamani. Shida ni mto. Maji ni meusi tititi, na karibu na soko la Gikomba kuna paipu ya sewage imepasuka inamwaga mtoni usiku na mchana, harufu yake hata ukijifunika leso unaisikia kwa koo. Tumeshazoa takataka ukingoni lakini mvua ikinyesha zinarudi zote, na ile paipu tumeripoti ofisi moja ikatutuma nyingine, hiyo nayo ikaturudisha kwa ile ya kwanza, sasa tumechoka kuzungushwa.

Waliowahi kupigania jambo kama hili, paipu ya kumwaga mtoni mlipeleka wapi ikashughulikiwa kweli? Na wageni tuwapitishe hapo hapo waone hali ilivyo, ama tuzunguke kwa barabara? Wenzangu wanasema tuzunguke, mimi naona hiyo ni kuwaficha ukweli.