Steki ya taco kwenye tawa la chuma: nyama inatoa maji badala ya kupata rangi

Mla_Jioni: Wakuu habari zenu. Nina tawa la chuma, lile zito jeusi linalofunika plet mbili za gesi, na nataka nitengeneze taco za steki (zile chapati ndogo za Mexico zinazokunjwa na nyama ndani) nyumbani zitoke vile zinavyotakiwa, nyama imeungua ungua kwa nje alafu ndani laini. Shida nikiweka nyama tu inaanza kutoa maji, inachemka, inakuwa ya kijivu, nikisubiri ipate rangi inakuwa ngumu kama kiatu. Huwa nailoweka kwenye ndimu, vitunguu saumu na chumvi usiku kucha. Nianzie kurekebisha wapi?

ChumaKizito: Anza na maji mkuu. Nyama ikiwa na maji juu moto wote unaishia kuyakausha kwanza na maji hayapandi zaidi ya nyuzi 100, wakati ile rangi ya kahawia inahitaji kama 140 kwenda juu. Kwahiyo itoe kwenye viungo, ikaushe na tishu mpaka tishu isilowe tena.

La pili ni tawa lenyewe. Watu wengi wanadhani chuma kinasambaza moto vizuri, si kweli, kinasambaza polepole sana ila kikishashika kinakaa nao. Ukiwasha gesi mpaka mwisho kwa dakika 2 unapata miduara miwili ya moto na katikati pamepoa. Weka moto wa wastani dakika 10 au zaidi, lisogeze sogeze, alafu ndo uongeze moto mwishoni. Tone la maji likikimbia kimbia juu ya tawa badala ya kutulia na kuchemka, weka nyama. Na usijaze, acha nafasi kati ya vipande.

dada_wa_viungo: Hapo kwenye ndimu usiku kucha ndo napinga kabisa, asidi inaharibu nyama kwa juu inakuwa kama uji uji, nusu saa mpaka saa moja inatosha, au kamulia tu nyama ikishaiva. Chumvi weka peke yake, dakika 40 kabla au zaidi, la sivyo weka pale pale unapopika, maana hapo katikati chumvi inakuwa imeshavuta maji nje na hayajapata muda wa kurudi ndani. Asali na sukari ziache, zinaungua kabla nyama haijaiva.

Alafu nyama gani unatumia? Wamexico wengi wanapenda ile ya kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo la ng'ombe, wenyewe wanaiita arrachera, nyembamba na nyuzi zake ndefu zinaonekana wazi. Hiyo dakika 2 au 3 kila upande kwa moto mkali basi. Iache ipumzike dakika 5 ndo ukate ukizikatisha nyuzi, usizifuate, ukizifuata nyama itakuwa ngumu hata kama umepika vizuri vipi.

Mla_Jioni: Asante sana dada, nilikuwa nakata kwa kufuata nyuzi kumbe. Na moshi je, jiko zima linajaa. Na nitajuaje imeiva bila kuikata?

ChumaKizito: Mafuta paka kwenye nyama, usimwage kwenye tawa, na siagi usitumie kwa moto huo. Moshi kidogo utakuwepo tu, fungua madirisha. Kuiva tumia kipimajoto, nyuzi joto 55 katikati bado ni ya pinki, ila wizara ya kilimo ya Marekani inashauri 63 na kuipumzisha dakika 3, kwahiyo kama unapikia mjamzito au mtoto nenda na hiyo.

TortillaKwanza: Jamani mmesahau tortilla, ile chapati yenyewe, na hiyo ndo nusu ya taco! Nyama ikiwa inapumzika tawa bado lina moto na mafuta ya nyama, punguza moto, pasha tortilla za mahindi hapo hapo sekunde 30 hivi kila upande mpaka zipate madoadoa, alafu zifunge kwenye kitambaa safi zibaki laini. Zikiwa nyembamba weka mbili mbili. Juu yake kitunguu cheupe kilichokatwa vidogo, majani ya giligilani na ndimu, vingi vya nini tena, utaizika ladha ya nyama uliyohangaikia. Salsa ya nyanya weka pembeni kila mtu ajiwekee, na isikae kwenye tawa, asidi inakula ile tabaka nyeusi ya mafuta yaliyoungulia inayolinda chuma. Ukimaliza osha likiwa bado vuguvugu, likaushe kwenye moto na ulipake mafuta kidogo sana.

Mla_Jioni: Poa, nakausha nyama leo naiweka chumvi, nikiipika nitaleta picha.

dada_wa_viungo: Iweke kwenye friji bila kufunika, juu itakauka vizuri zaidi.