Mjadala: Harusi ya saa nne ichomwe kwenye DVD moja au mbili?

Wapiga video wenzangu, habari za kazi. Imekuwa mazoea: harusi nzima, kuanzia saluni hadi mgeni wa mwisho kutoa zawadi, saa nne, inashindiliwa kwenye DVD moja. Mimi napinga, na anayetetea aje na hoja.

DVD ya kawaida ina gigabaiti 4.7. Zigawe kwa saa nne, unabaki na megabiti 2.6 hivi kwa sekunde, na hapo sauti haijachukua fungu lake. DVD inaruhusu picha ifike 9.8. Kanisani utapona, maana padri amesimama palepale na kamera iko kwenye stendi. Kasheshe ni ukumbini: taa za rangi zinazunguka, watu wanacheza, vikaratasi vinavyometameta vinamwagwa juu ya maharusi. MPEG-2, mfumo wa kubana video wa DVD, hubana kwa kuhifadhi zaidi kile kilichobadilika toka picha hii hadi inayofuata. Hapo kinabadilika kila kitu, biti hazitoshi, na uso wa bibi harusi unakuwa miraba mitupu. Ndiyo sehemu familia itakayoirudia miaka yote!

Gawa saa mbili kila diski, upate megabiti 5 hivi. Programu ipitie video mara mbili: kwanza ipime sehemu ngumu, kisha igawe biti. Kilele kisizidi megabiti 8 kwa sekunde, kwa sababu deki nyingi za zamani hugandisha diski za kuchoma ukikaribia ukomo. Sauti iwe AC-3, yaani iliyobanwa, ya kilobiti 192 au 256. Anayeiacha sauti ikiwa PCM, yaani haijabanwa, inamlia megabiti 1.5 hivi bure.

Jibu: Kaka, hesabu zako sina ugomvi nazo. Ila wateja wangu wanataka diski moja. Ya pili shangazi anaiazima, ndiyo imetoka hiyo. Saa nne mimi naipunguza upana hadi piseli 352 kwa 576, kama nusu ya upana wa kawaida, ambayo bado ni DVD halali. Picha inalainika kidogo, lakini miraba inapungua sana, na kwenye runinga ndogo hakuna anayelalamika. Halafu hariri, ndugu yangu! Nani anaangalia foleni ya zawadi dakika arobaini?

Mleta mada: Wanaangalia, kaka. Kila aliyetoa zawadi anataka kujiona, na kamati inatudai. Upana nusu naukubali kwa ibada na hotuba. Ila nguo ya harusi yenye shanga na lesi hapo inapoteza urembo wake wote. Kinachoniuma zaidi ni kwamba mteja haambiwi. Anaonyeshwa sampuli safi kwenye kompyuta ya ofisini, kisha anakabidhiwa kitu kingine. Tumchomee dakika moja ya muziki ukumbini kwa namna zote mbili, aione kwenye deki kabla ya kumalizia malipo. Akichagua diski moja, tumchomee moja.

Wengine mnasemaje? Hasa mnaotoa flashi pamoja na diski: deki za wazazi vijijini mnazifanyaje?