Toleo la zamani, jipya au jepesi? Nina mwongozo wa pampu wa kutafsiri, nimekwama ukurasa wa 61

Kalamu_Wino:
Wakuu salaam. Roboti ya mazungumzo ninayoitumia kutafsiria imetoa toleo jipya. La zamani bado lipo kwenye menyu ila wameandika kwamba litaondolewa. Kuna na lile jepesi, la haraka, ambalo baadhi yenu mnalisifu. Malipo yangu ya mwezi yanajirudia Ijumaa, kwa hiyo kabla ya hapo niwe nimeamua. Nibaki, nihamie jipya, au nishuke kwenye jepesi nipunguze gharama? Shida yangu ni kwamba mwanzoni lilikuwa likitafsiri vizuri mno, siku hizi limekuwa zezeta. Linasahau maneno tuliyokubaliana, na mara nyingine linanijibu kwa Kiingereza bila kuombwa. Naomba ushauri.

Mzee_Seva:
Mkuu, umetupa kichwa na mkia, kiwiliwili umebaki nacho. Unatafsiri nini, kurasa ngapi? Unatumia tovuti yao au API, ile njia ya kuiita kupitia programu yako mwenyewe? Unafungua chati mpya au unaendelea na ile ile? Na ni ya kampuni gani?

Kalamu_Wino:
Samahani mzee wangu. Ni mwongozo wa pampu za maji, kurasa 140, Kiingereza kwenda Kiswahili. Natumia tovuti, hiyo API sijui ni mnyama gani. Kampuni naomba nisiitaje, nikiitaja tu mashabiki watakuja kuvuruga uzi.

Nusu_Shari:
Hamia jipya, biashara iishe. Nani anang'ang'ania kitu cha mwaka juzi?

BintiKamusi:
Usimsikilize huyo. Jipya si lazima likufae. Agosti 2025 OpenAI, wenye ChatGPT, walipotoa toleo la GPT-5 waliliondoa la zamani, GPT-4o, kwenye menyu, watumiaji wakapiga kelele, na haikuchukua siku nyingi ikarudishwa kwa wanaolipia. Hawakuwa wajinga wale. Ukishazoea mkono wa msaidizi wako, ukiletewa mwingine usiku mmoja kazi inayumba. Mimi ni mhariri. La zamani ninalotumia linaandika sentensi fupi, kavu, ninazipenda. Jipya limejaa mapambo: "ni muhimu kutambua kwamba", "kwa hakika". Na kila aya linaikatakata kuwa orodha.

Nusu_Shari:
Dada, si unaliambia tu liache?

BintiKamusi:
Nimeliambia. Linaacha majibu mawili, la tatu linarudia.

TokeniMoja:
Kalamu, swali la Mzee Seva umeliruka. Chati ni moja au nyingi?

Kalamu_Wino:
Moja. Nimeitumia wiki tatu sasa ili isisahau tulikotoka.

TokeniMoja:
Haya, ugonjwa ndio huo. Hata usilaumu toleo kwanza.

Modeli, yaani ule ubongo wa roboti yako, haina kumbukumbu kama yako. Kila ukituma ujumbe inasomeshwa upya mazungumzo yaliyotangulia, na kuna kiwango cha juu inachoweza kubeba, kinaitwa dirisha la muktadha. Dirisha likijaa, programu nyingi hukata ya zamani au huyafupisha kimyakimya. Orodha yako ya maneno uliiweka siku ya kwanza, sivyo? Basi huenda ilishadondoka. Na hata isipodondoka, kuna watafiti walionyesha 2023 kwamba modeli walizozipima zilishika vizuri yaliyo mwanzoni na mwishoni mwa matini ndefu, ya katikati yakazipita.

Halafu sisi wa Kiswahili tunaumia zaidi. Maandishi hukatwa vipande viitwavyo tokeni, na ukataji huo umefunzwa zaidi kwa Kiingereza. Neno moja kama "watakapoifungua" linaweza kutoka vipande vinne, vitano. Kwa hiyo dirisha lile lile linajaa mapema.

Fungua chati mpya kila sura. Orodha ya maneno iweke juu kabisa kila mara. Tuma kurasa tatu, nne, zisizidi. Na maelekezo yaandike kwa Kiswahili, hicho Kiingereza kinachojitokeza kitapungua.

FundiBomba:
Mimi nataka kusema kuhusu toleo jepesi, maana limenitia hasara.

Nilipewa mwongozo kama huo wa Kalamu. Nikajaribu kurasa kumi kwa jepesi, zikatoka safi, nikafurahi. Zilizobaki nikazipitisha haraka haraka, nikachapa, nikampa kijana ninayemfundisha. Kwanza ananijia na karatasi: "Fundi, hapa wanasema nikague chemchemi kama imelegea. Chemchemi gani?" Nasoma, kweli, "kagua chemchemi". Kumbe ni springi ya sili, ile inayozuia maji yasivuje kwenye shafti! Tukacheka, nikasahihisha kwa kalamu, basi.

Kumbe cha kuchekesha ndicho kilichonipumbaza. Ukurasa uliofuata asili yake ilikataza kuwasha pampu kabla ya kujaza maji kwenye kasha lake. Tafsiri ikasema: "Washa pampu kabla ya kujaza maji." Ile "usi" imeliwa. Sentensi imenyooka, sarufi safi, hakuna cha kukushtua. Kijana akafuata alivyosoma. Sili inapozwa na maji yale yale yanayosukumwa. Bila maji inajisugua kavu. Dakika chache tu nikasikia harufu ya mpira ukiungua. Tulipofungua, uso wa sili umepasuka na maji yanachuruzika kwenye shafti. Pampu ya mteja hiyo.

Nusu_Shari:
Pole fundi, lakini hilo si kosa la toleo jepesi. Hukusoma.

FundiBomba:
Nilisoma kumi za kwanza. Zingekuwa mbovu ningeacha pale pale.

Mzee_Seva:
Fundi ana hoja. Matoleo madogo hufaa kazi fupi: kupanga orodha, kufupisha barua. Hata kampuni zenyewe huziuza kwa ngazi. Anthropic kwa mfano, wenye roboti iitwayo Claude, Machi 2024 walitoa Claude 3 kwa saizi tatu, Haiku ndogo, Sonnet ya kati, Opus kubwa. Usipeleke ndogo kwenye jambo ambalo "si" moja ikidondoka mtu anaumia.

Ila na kubwa pia hukosea. Kalamu, fanya hivi: hesabu makatazo yote kwenye ukurasa wa Kiingereza, kisha hesabu "usi" na "msi" kwenye Kiswahili. Namba nazo vivyo hivyo, moja moja. Halafu bandika tafsiri yako kwenye chati mpya, irudishwe Kiingereza, uilinganishe na asili. Kazi ya kuchosha, najua.

Nusu_Shari:
Au aliulize lenyewe kama limetafsiri sawasawa.

TokeniMoja:
Ndugu yangu! Kuna mawakili New York walipigwa faini ya dola 5,000 mwaka 2023 kwa kupeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Mmoja wao aliiuliza kama kesi ni za kweli, ikamwambia ni za kweli. Hata ukiliuliza "wewe ni toleo gani?" mara nyingi linakutajia la zamani, kwa sababu lilipofunzwa jina lake jipya halikuwa limeandikwa popote. Toleo litazame kwenye menyu.

Mzee_Seva:
Na ukitaka mkono usibadilike, jifunze API. Huko toleo huitwa kwa jina na tarehe yake, mfano gpt-4o-2024-08-06, linabaki vile vile mpaka siku wakilistaafisha. Kwenye tovuti wanaweza kulisasisha ukiwa umelala, jina likabaki lile lile.

BintiKamusi:
Mzee, mtu ana kurasa 79 zimebaki na Ijumaa iko mlangoni, wewe unampeleka akasome API. Akili bandia imewafanya mpende mambo magumu.

Mzee_Seva:
Akili mnemba, binti. Bandia ni jino.

BintiKamusi:
Akili unde ndiyo inayojieleza, imeundwa. Mnemba ukimwambia mtu wa kawaida anakukodolea macho.

Nusu_Shari:
Iiteni mtakavyo, kama inakula "usi" ni bandia tu 😂

Kalamu_Wino:
Nimerudi wakuu. Nimefungua chati mpya kwenye matoleo yote matatu, orodha ya maneno juu, ukurasa wa 61 peke yake. Asili ina makatazo saba. La zamani limetoa saba. Jipya saba, ila limeongeza sentensi moja ya kunipongeza na onyo moja ambalo kwenye kitabu halipo. Jepesi limetoa saba pia, nimeshangaa, lakini "springi" limeandika mara mbili springi, mara moja chemchemi, kwenye ukurasa ule ule!

Basi nimekaa napitia kurasa 60 za nyuma. Ukurasa wa 38 nimekuta "kaza bolti" mahali asili inasema zilegezwe. Hilo ni la zamani lenyewe, lile ninalolipenda.

FundiBomba:
Pitia zote. Usiruke hata moja.

TokeniMoja:
Hilo onyo la ziada la toleo jipya linasemaje?

Kalamu_Wino:
"Hakikisha mikono yako ni mikavu kabla ya kugusa swichi."

FundiBomba:
Si baya hilo.

BintiKamusi:
Haijalishi, halimo kwenye kitabu. Mteja alilipa kutafsiriwa, hakulipa kuongezewa. Toa.

Kalamu_Wino:
Nitalitoa. Swali jingine fundi, maana yote matatu yameandika "kizibo" kwenye kile kimpira bapa kinachokaa kati ya kasha na kifuniko chake. Nyinyi mnakiitaje?

FundiBomba:
Gasketi. Kizibo ni cha chupa.

Mzee_Seva:
Wengine husema pakingi.

FundiBomba:
Pakingi ni ile ya kamba inayozungushwa kwenye shafti, mzee. Ngoja nipige picha nikuonyeshe.