Kibao cha dele la kahawa: nikipake rangi upya au nikiache?

Muulizaji, Mkunazini

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nimekabidhiwa kibao kilichokatwa umbo la dele, yaani birika la kahawa, kimo chake mkono mmoja, ambacho kwa miaka mingi kilisimama juu ya meza ya duka la kahawa la marehemu babu yangu. Maandishi yake ni ya mkono, kwa rangi ya mafuta: herufi za Kiarabu juu, za Kigujarati chini, na bei imetajwa kwa rupia. Rangi nyekundu inabanduka mdomoni mwa dele, na nyuma kuna vitundu vinavyotoa unga. Fundi wa jirani anasema atakipaka upya kiwe kama kilivyokuwa. Nimkubalie?

Jibu la kwanza

Wa alaykumu salaam. Nakuomba usimkubalie. Hiyo rupia peke yake ni hazina, kwa sababu Zanzibar iliiacha na kuingia katika shilingi ya Afrika Mashariki tarehe 1 Januari 1936, kwa hiyo inaelekea kibao chako ni cha kabla ya hapo, ingawa mazoea ya watu hayakatiki kwa siku moja. Fundi akishapitisha brashi yake, mkono wa aliyeandika mwanzo hautaonekana tena. Kifute vumbi kwa brashi laini na kavu, usiguse pale panapobanduka, wala usitumie maji, sabuni au mafuta ya taa.

Jibu la pili

Unga unaomwagika huenda ni dalili ya wadudu walio hai. Kitenganishe na mbao nyingine, ukiweke juu ya karatasi nyeupe, na baada ya wiki uangalie kama umeanguka unga mpya. Usikitundike kwenye ukuta wa mawe na chokaa, kwani kuta za Mji Mkongwe hutoa unyevu na chumvi.

Jibu la tatu, Wete

Mimi natofautiana kidogo na wenzangu. Vibao vya maduka vilikuwa vikipakwa upya na wenyewe kila rangi ilipofifia, na hata hicho huenda kina tabaka mbili au tatu. Duka lingekuwa bado linauza, ningesema kipakwe. Maadamu limefungwa, kiache, ila kipige picha mbele na nyuma, na uandike sasa hivi yale wanayoyakumbuka wazee wako.

Muulizaji

Ahsanteni sana. Nimekigeuza leo mchana penye mwanga: kumbe mbao yake ni ya sanduku la chai, na tundu za misumari bado zimejipanga ukingoni. Fundi nimemwambia asije.