Kitaro kwenye gumzo la ukoo

Rama: Assalaam alaykum nyote. Nimewatilia Kojiki, albamu ya 1990 ya Kitaro, mwanamuziki wa Kijapani. Sikilizeni kwa spika, kwa simu ngoma mtaikosa.

Mwanaisha: Waalaykum salaam. Mbona mwanzo wanisinziza 😴

Rama: Ruka mpaka "Matsuri".

Mwanaisha: Eeeh! Hiyo sasa. Ni kompyuta hiyo?

Rama: La, ni taiko, ngoma ya ngozi ya Kijapani, yapigwa kwa magongo. Juu yake ndio mna sinthesaiza, kile kinanda cha umeme, na fidla.

Mjomba Likoni: Si huyu aliyepiga muziki wa ile filamu ya Silk Road ya NHK, televisheni ya Japani?

Rama: Ndiye, 1980. Alianza na gitaa kwenye bendi ya roki. Sinthesaiza alionyeshwa na Mjerumani, Klaus Schulze.

Shangazi Kisauni: Hiyo "Nageki" imenishika moyo. Yasema nini?

Rama: Ni kilio, shangazi. Haina maneno. Albamu yafuata Kojiki, kitabu chao cha mwaka 712. Humo Amaterasu, mungu wao wa jua, aliudhiwa na nduguye akajifungia pangoni, dunia ikawa giza. Wenziwe wamtoeje? Mmoja akapanda juu ya pipa lililofudikizwa, akacheza na nguo zikimvuka, wote wakaangua kicheko. Bibi wa jua akachungulia, wakamvuta nje.

Shangazi Kisauni: Chakacha hiyo! 😂😂

Shangazi Kisauni: Astaghfirullah. Wanangu wamo humu.

Mjomba Likoni: Ala za Kijapani si ngeni kwetu. Bi Zuhura Swaleh na Maulidi Musical Party, wale wa taarabu, walikuwa na taishokoto hapa hapa Mombasa. Ile ya nyuzi, yenye vibonye kama taipureta. Ilibuniwa Nagoya, 1912.

Mwanaisha: Mimi nikidhani ya Wahindi!

Mjomba Likoni: Wahindi nao wanayo, waiita bulbul tarang.

Mjomba Likoni: Ila huyu Kitaro, kwa sikio langu, sinthesaiza kaitia nyingi mno. Taiko ikianza kupanda yafunikwa. Angeipa nafasi.

Rama: Taiko pekee aliipiga Mlima Fuji, mwezi mpevu wa Agosti, tangu magharibi mpaka alfajiri.

Shangazi Kisauni: Na majirani walimwacha?

Mwanaisha: 😂😂

Shangazi Kisauni: Rama, nitilie "Matsuri" peke yake. Jumamosi twapaka hina, nataka niwaone wale wasichana watacheza vipi.

Mjomba Likoni: Ukiiweka hiyo, na Bi Zuhura umuweke.